Lori Lililolia Ng'ambo ya Bonde

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika hata spana. Nilifika karakana ya kampuni ya chai asubuhi na mapema, ovaroli yangu ikiwa bado na mikunjo ya dukani, cheti cha ufundi wa umeme wa magari kimo mfukoni, kichwa kimejaa michoro ya nyaya. Fundi Mkuu alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanipeleka mbele ya safu ya malori, kisha akaniambia nigeuke niangalie ukuta. Nikageuka. Nilidhani nimeshakosea jambo na kwamba hiyo ndiyo adhabu ya huko.

“Sikilisa,” akasema. Alikuwa mtu wa Nkunga, na Kiswahili chake kilipitia kwanza Kinyakyusa ndipo kikafika mdomoni. “Sikilisa kwansa. Gali ikiugua inasema yenyewe. Kasi yako wewe ni kunyamasa.”

Madereva wakaanza kupiga stata, lori moja baada ya jingine, na mimi nimeukabili ukuta. Kila lori likilia, Fundi Mkuu ananiuliza: hili lina nini? La kwanza nililijibu kwa maneno ya chuoni, marefu, mazuri. Akacheka mpaka akashika kiuno. Nikajibu la pili, akacheka tena. Kufika lori la mwisho nilikuwa nimefumba macho, jasho linanitiririka katika baridi ile ya Tukuyu, na hapo nikasikia kitu! Chini ya mngurumo kulikuwa na mkwaruzo mdogo, wa chuma kinachogusa chuma kila kinapozunguka. Nikasema, “Bushi zimekwisha, zile pete zinazoshika mhimili wa stata. Mota ya ndani imelegea, inakwaruza ganda lake.” Safari hii Fundi Mkuu hakucheka. Akasema “Ndaga,” yaani asante kwa lugha ya kwetu, akaenda zake kunywa chai. Vijana, nimepata sifa nyingi baadaye, lakini hakuna iliyonirusha roho kama ndaga ile.

Ninyi mnaobonyeza kitufe gari likawaka pengine hamjui nani amefanya kazi, kwa hiyo nieleze kidogo. Injini haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe, lazima izungushwe kwanza. Anayeizungusha ni stata, mota ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ukigeuza ufunguo, stata inasukuma mbele gia yake ndogo, tunaiita bendeksi, nayo inakwenda kuuma meno ya ringi kubwa ya chuma iliyovishwa kwenye gurudumu zito la injini. Bendeksi inazunguka, ringi inazunguka, injini inawaka. Ikishawaka, bendeksi inarudi nyuma upesi kwa sababu kazi yake imekwisha. Ni shughuli ya kufumba na kufumbua, lakini ndani yake mna mambo mengi ya kuharibika, na kila moja lina sauti yake.

Sauti zile! Hadi leo nikizitaja nasisimka. Ukisikia tak! moja kavu kisha kimya, swichi iliyo juu ya stata imeitika lakini mota haikupata nguvu. Tazama brashi, yale makaa madogo yanayopeleka umeme ndani ya mota, huenda yamekwisha. Ukisikia tak-tak-tak-tak mfululizo, usiifungue stata ya watu bure, safisha kwanza vichwa vya betri, maana unga mweupe umevila. Ikilia nyiiii nyepesi na injini imelala, bendeksi inateleza. Ikiendelea kulia uuuu hata baada ya injini kuwaka, bendeksi imegoma kurudi, kimbia ukazime kabla stata haijajiunguza. Na ikilia kreee, mlio wa kukufanya ukunje uso, hapo ni meno kwa meno, bendeksi na ringi haviumani sawasawa. Hiyo kreee niliipenda kuliko zote, kwa sababu ina vyanzo vingi na inamtaka fundi afikiri.

Fundi Mkuu alikuwa na bisibisi ndefu. Aliweka ncha yake kwenye stata na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, dereva akapiga ufunguo. “Mganga hapasui tumbo kabla hajaulisa linauma wapi,” alizoea kusema. Nasi tuliokuwa na haraka ya kufungua nati tulisimama pembeni tukisubiri tumbo lijibu.

Miaka ile ilikuwa ya uhaba. Kipuri kikiagizwa, unaweza kuoa na kupata mtoto kabla hakijafika. Brashi tulizichonga kutoka kwenye makaa ya betri za redio, bushi tukazitengeneza kwa mabomba ya shaba. Meneja Usafirishaji, bwana mwenye tai na hasira za karibu, alikuja kila asubuhi kuuliza malori mangapi yatatoka, maana chai ikishachumwa haimsubiri mtu. Majani yakilala kwenye magunia yanapata joto na kuharibika. “Mimi sitaki kujua stata ina nini,” alifoka. “Nataka lori lifike mashambani Suma!” Nasi tulimpa jawabu la watu wa Tukuyu, nalo ni kilima.

Huku kwetu kupata mahali pa tambarare pa kuegesha lori ni bahati ya mtende. Basi kila gari lililala likielekea bondeni, jiwe chini ya tairi. Asubuhi unatia gia ya pili, unakanyaga klachi, mwenzako anaondoa jiwe, lori linaanza kuteremka, unaachia klachi, injini inashtuka na kuwaka. Ndiyo maana tunasema kushtua gari. Watu wa nchi za tambarare walisukuma kwa mabega, sisi alitusukumia Mungu mwenyewe. Gari lingeweza kumaliza mwaka mzima halijui betri wala stata.

Lakini katika kushtua huko kukazaliwa tabia moja mbaya, nayo iliitwa kusaidia. Dereva akiona betri ina nguvu kidogo, aliachia klachi na wakati uleule akageuza ufunguo, eti stata iisaidie injini. Sauti inayotoka hapo ni kweee! kali na fupi, tofauti kabisa na kreee ya kawaida. Fundi Mkuu akiisikia, hata akiwa chooni, alitoka mbio. “Gwe! Wewe! Unaua meno!” Madereva wa kampuni waliacha kusaidia kwa kumwogopa yeye tu. Mitaani watu waliendelea.

Halafu milango ya soko ikafunguliwa. Biashara ikawa ruksa, mashamba yakapata wenye mali wapya, na karakana yetu ikafungwa. Meneja Usafirishaji alitukusanya uwanjani, siku hiyo hana tai, akasoma majina ya wanaopunguzwa kazi kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Likasomwa la Fundi Mkuu. Likasomwa langu. Likasomwa la Asajile, dereva mpole wa Suma ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvunja hata kioo cha pembeni. Fundi Mkuu alinikabidhi bisibisi yake ndefu, akarudi Nkunga kulima viazi.

Wengine walilia. Mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa na hofu na furaha pamoja. Niliezeka bati kando ya barabara, nikaweka benchi, nikaandika kwa rangi nyekundu FUNDI STATA. Na magari yakaja! Mitumba ya Kijapani ilipanda milima kutoka Mbeya, imeandikwa maandishi ambayo hakuna aliyejua yanasema nini, imebeba stata ndogo zenye gia ndani yake, zenye mlio ambao sikio langu halijapata kukutana nao. Kila wiki sauti mpya! Nilikuwa nikisikia stata ya kigeni barabarani naacha chakula. Mke wangu alisema angelijua, angeliolewa na fundi cherehani.

Katika wateja wangu wa mwanzo alikuwemo Mzee Mbaraka. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya vitambaa, familia ikaota mizizi Tukuyu, na yeye alikuwa na duka la jumla karibu na soko. Ruksa ilipokuja alinunua lori la Kijapani, la kwanza lake lisilo kuukuu, akalipenda mno. Asubuhi lilibeba sukari, sabuni na mafuta ya taa kwenda Suma na Matwebe, jioni likarudi na ndizi na viazi. Dereva wake alikuwa Asajile. Kupata kazi ile baada ya kupunguzwa kulimrudishia Asajile pumzi, maana alikuwa na wazazi, mke na watoto wanaomtazama yeye.

Sasa lori lile likaanza kulia kreee. Nikafungua stata, nikakuta bendeksi imeliwa. Nikafunga stata nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam, ikafanya kazi vizuri, lakini haukupita muda mrefu kreee ikarudi. Nikafunga nyingine tena. Ikafa vilevile. Kufikia stata ya tatu Mzee Mbaraka alikuja kwenye benchi langu mwenyewe, kanzu yake nyeupe kati ya mafuta yangu, hasira amezikunja vizuri.

“Fundi, mimi si mtu wa kumsingizia mtu,” akasema. “Lakini stata haijiui. Wewe unafunga nzima, dereva ananirudishia mfu. Ama hajui kuendesha, ama ananifanyia kusudi. Chunguza. Ijumaa nataka jibu, nami jibu likiwa ni Asajile, basi Asajile aende zake.”

Mlioishi mji mdogo mnajua maana ya maneno hayo. Dereva akifukuzwa kwa kuua gari, habari inamtangulia kila anakokwenda. Hakuna tajiri mwingine kati ya Tukuyu na Mbeya ambaye angempa ufunguo. Asajile alikuwa amesimama karibu na bodi ya lori anasikia kila neno, ameinamisha kichwa.

Nikatoa stata, nikamulika tochi katika tundu lake, nikawa nazungusha injini taratibu kwa chuma huku natazama meno ya ringi yakipita. Hapo nikasogeza tochi karibu! Injini ikizimwa ina kawaida ya kusimama mahali palepale. Kwa hiyo stata inauma siku zote sehemu zilezile, na ringi ya kawaida inalika sehemu hizo tu, kwingine ni nzima. Hii yetu ilikuwa imeliwa duara zima. Jino baada ya jino, ncha zote zimevunjwavunjwa. Ugonjwa wa namna hiyo hauna mama mwingine. Mtu alikuwa akipiga stata wakati injini inazunguka tayari. Mtu alikuwa anasaidia.

Nikairudisha stata ile, nikamwita Asajile pembeni, nikamwambia nilichokiona.

“Mimi?” Akainua kichwa. “Kaka, mimi nimefundishwa na Fundi Mkuu aliyenifokea toka dirishani, leo nikasaidie? Mimi nalipiga stata likiwa limesimama, gia huru, mguu kwenye klachi. Nakuapia.”

“Basi nani? Nani mwingine anayeendesha lori hili?”

“Hakuna. Ufunguo unalala kwa Mzee. Asubuhi nalikuta lori dukani, napakia, naondoka. Jioni nalipandisha nyumbani kwake, namrudishia ufunguo mkononi.”

Nilimpenda Asajile, lakini meno ya ringi nayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Usiku wa kuamkia Ijumaa niligeuka kitandani hata mke wangu akahamia kwa watoto.

Alfajiri hodi ikapigwa. Ni Asajile. Alikuwa ametoka Suma giza halijaisha, suruali imelowa umande hadi magotini. “Ugonile, fundi,” akanisalimu, “umeamkaje.” Akaomba jambo moja tu, kwamba nikimpa Mzee jibu, nisiseme alifanya kusudi. Niseme hajui kazi. “Afadhali niitwe mjinga kuliko mbaya,” akasema. Nikamvuta ndani ya kibaraza, nikampa kikombe cha chai ya maziwa.

Nyumba yangu iko juu ya bonde, na ng'ambo yake, kilima cha pili, ndiko kwa Mzee Mbaraka. Wiki kadhaa mvua ilikuwa haijakatika, na mvua ya Tukuyu ikipiga bati husikii hata kengele ya kanisa. Asubuhi hiyo ilikuwa imepumzika. Ukungu umejaza bonde, huoni mgomba ulio mbele yako, lakini sauti zinapita humo zikiwa safi ajabu. Jogoo wa ng'ambo akiwika unadhani yuko uani kwako. Tukawa tunakunywa chai. Ndipo kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu, ikaja:

Kweee!

Kisha injini ikawaka, ikanguruma, ikateremka kuelekea sokoni.

Kikombe cha Asajile kilisimama kati ya mdomo na kifua. “Hilo ni lori langu,” akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaruka. “Fundi! Hilo lori langu! Na mimi niko hapa!”

“Uko hapa!” nikapiga kelele. “Uko hapa unakunywa chai yangu!”

Tulikumbatiana pale kibarazani mpaka chai ikatumwagikia. Mke wangu alitoka akidhani kuna msiba. Nikaikwapua bisibisi ya Fundi Mkuu na tochi, nikautia mfuko wa spana begani, tukaruka. Tulikata bonde moja kwa moja, katikati ya migomba, mimi nateleza, yeye ananishika, yeye anateleza, sote tunakwenda kwa makalio mpaka kijitoni. Tukavuka, tukapanda upande wa pili kwa magoti na mikono hadi barabara ya sokoni. Njiani Asajile akawa anahema na kusema kwa vipande kwamba alijua Mzee ndiye anayeliteremsha lori kutoka nyumbani hadi dukani, ila siku zote alidhani linateremka lenyewe tu, halijawashwa, maana kilima kinatosha. Nami nilikuwa nimemuuliza nani anayeendesha. Sikumuuliza nani anayeteremsha.

Tulimkuta Mzee Mbaraka amesimama kando ya lori mbele ya duka, kanzu ameifunga kiunoni, miguuni ana mabuti ya mvua. Wapagazi walikuwa wamekwisha fika, na wanawake wa sokoni wanapanga ndizi zao karibu. Alitutazama tulivyotapakaa matope.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Mmeanguka?”

Sasa nisikilizeni vijana, maana hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kujua ugonjwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwambia mwenye gari. Mzee yule alikuwa na umri wa baba yangu, yuko mbele ya duka lake, mbele ya watu wake. Kama ningesema “ni wewe”, angekasirika, na mwenye kulipia hasira hiyo angekuwa Asajile. Nikapiga moyo konde.

“Mzee,” nikasema, “leo lori limewaka papo hapo, tumelisikia toka ng'ambo. Sisi linatusumbua. Tunaomba utuoneshe unavyolishtua.”

Uso ukamfunguka. Akapanda tena, amefurahi. Barabara mbele ya duka inaendelea kuteremka, na Asajile mwenyewe ndiye aliyeondoa jiwe. Lori likaanza kwenda. Mzee akaachia klachi na kugeuza ufunguo pamoja. Kweee! Mama mmoja wa ndizi akaziba masikio. Injini ikawaka, Mzee akasimamisha lori hatua chache mbele, akatoa kichwa dirishani.

“Mmeona? Lile lori langu la zamani halikuwa na betri ya maana miaka yote ya shida. Nililisaidia hivi kila siku ya Mungu. Hata hili nalisaidia, lisichoke.”

Nikamwomba azime, tukaweka jiwe. Nikaingia chini, nikafungua stata palepale barabarani, mgongo kwenye tope. Kisha nikamwomba Mzee achuchumae, apitishe kidole katika tundu na apapase meno ya ringi, nami nikawa nayazungusha polepole.

“Yanakwaruza,” akasema.

“Endelea, Mzee.”

“Na haya. Na haya pia.” Kidole kikaendelea, jino baada ya jino. “Yote?”

“Yote. Injini ikishazunguka haitaki msaada, Mzee. Ukigeuza ufunguo wakati huo, bendeksi inakwenda kuuma meno yanayokimbia. Ni sawa na kuchomeka kijiti kwenye spoku za baiskeli iliyo mwendoni. Lori la zamani halikuumia kwa sababu betri yake haikuwa na nguvu ya kuisukuma hiyo bendeksi. Hili betri yake ni nzima.”

Alisimama. Akafuta kidole kwenye kanzu ile nyeupe, na sidhani alijua anachofanya. “Fundi,” akasema taratibu, “unataka kuniambia kwamba mimi ndiye niliyeua stata tatu?”

Wapagazi wakatazama kando. Asajile aliangalia miguu yake.

“Mimi sijasema kitu, Mzee,” nikajibu. “Lori ndilo limesema. Limesema asubuhi hii, wakati Asajile ameketi kibarazani kwangu, ng'ambo ya bonde, na kikombe mkononi.”

Mzee Mbaraka alimtazama Asajile, akatazama tope kwenye nguo zake, akaelewa tumekuja vipi na kwa nini tumekimbia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka!

“Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema, na kuikunguta ile kanzu. “Panya nimemtafuta nchi nzima, kumbe yumo humu.” Watu wote wakaangua kicheko, na wapagazi walicheka kwa sauti kuliko tajiri wao. Lakini yeye alinyamaza mapema. Akamwendea Asajile, akachomoa ufunguo mfukoni, akamshika mkono, akauweka kiganjani, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili.

“Mwanangu, nimekudhania vibaya na watu wamesikia. Basi wasikie na hili. Kuanzia leo lori lilale hapa dukani, na ufunguo ulale kwako Suma. Asubuhi ukifika ndipo lori liamke.”

Asajile aliufumbata ufunguo. Alikwenda nyuma ya lori akajifanya anakagua tairi, tukamwacha aikague mpaka alipomaliza.

Ringi tuliitengeneza mimi na yeye siku zilizofuata. Tuliteremsha gia boksi, tukatoa gurudumu zito na ringi yake, tukaizungushia makaa ya mkaa alivyonifundisha Fundi Mkuu. Chuma kikipata joto kinatanuka. Unanyunyizia tone la maji, likirukaruka na kutoweka, gonga pole kwa nyundo na ringi itatoka. Usingoje iwe nyekundu, ukiingoja ugumu wa meno umekwenda. Tukaigeuza, upande usioliwa ukatazama stata, lakini kabla ya kuirudisha tulilichongea kila jino ncha yake kwa tupa, kwa kuwa meno ya upande ule hayakuwa yamechongwa kupokea bendeksi. Ni kazi ya kuchosha vidole. Asajile alipiga tupa huku anaimba nyimbo za kanisani, na Mzee Mbaraka alituletea pilau mwenyewe. Mwisho nikafunga stata ya nne.

Asubuhi ya kwanza baada ya hapo niliamka mapema nikakaa kibarazani. Kweee haikuja. Ukungu ulikuwa kimya, jua likaanza kupanda, ndipo kutoka upande wa sokoni, mbali, ikaja stata fupi, nyororo, injini ikaitika. Nilipiga makofi peke yangu. Stata ile ya nne haikurudi tena kwangu mpaka lori lilipouzwa, miaka mingi baadaye.

Nimefungua stata nyingi baada ya hiyo mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, nikafunga kibanda. Bisibisi ya Fundi Mkuu ninayo, inaning'inia mlangoni. Magari ya siku hizi yanawaka kwa kitufe na mafundi wake wanatazama kioo kidogo kinachowaambia ugonjwa. Sina ugomvi nao, kioo kinaona mengi. Ninawaomba tu, kabla ya kukichomeka, wageukie ukuta kidogo. Tena wakumbuke kwamba nyuma ya kila mlio kuna mtu anayesubiri kuambiwa ni yeye au si yeye.

Asajile alipozeeka alinunua pikapu kuukuu, na mpaka leo siku za soko anabeba ndizi na parachichi. Akifika barabarani chini ya nyumba yangu, pale penye mteremko mkali, anasimama. Anazima gari. Halishtui kwa kilima, hata kidogo. Anaweka gia huru, anageuza ufunguo, linawaka, anaondoka. Hiyo ndiyo salamu yake, na miaka yote hii hajaikosa.

Mvua zilizopita sikio langu la kushoto lilikwisha kulala, nami nilianza kuogopa na la kulia litafuata. Siku moja ya soko nikasikia pikapu inasimama, inazima. Nikafumba macho. Stata ikapigwa, na chini ya mngurumo, kwa mbali, nikausikia mkwaruzo mdogo wa chuma kinachogusa chuma kila kinapozunguka. Nilitoka nje mbio bila fimbo, nikasimama ukingoni.

“Bushi!” nikapiga kelele. “Asajile, bushi zimekwisha!”

Mkono ukatoka dirishani, na sauti yake ikapanda mpaka kwangu.

“Ndaga!”